Usiupande Mche Siku Uliyoununua

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Kabla sijaanza, naona kuna mmoja wenu ameingia humu na mche wa mgomba kwenye mfuko mweusi, ameuweka chini ya kiti. Usione haya, ndugu yangu, umenirahisishia kazi. Uache hapo hapo ulipo. Usiupitishe mkono kwa mkono, wala usiufungue. Tutaurudia.

Wengi wenu mmekuja kwa sababu moja. Mmenunua miche, au mko mbioni kununua, na mnataka kutajiwa dawa: ya wadudu, ya ugonjwa, ya baridi. Nitawavunja moyo mapema ili tusidanganyane. Magonjwa matatu ambayo mimi nayaogopa kuliko yote kwenye migomba hayana dawa. Mnyauko wa Panama hauna. Mnyauko wa bakteria hauna. Ugonjwa wa virusi unaoufanya mgomba udumae na majani yabanane kileleni kama ufagio, nao hauna. Ukishauona shambani, inayobaki ni kazi ya jembe na panga. Pampu ya kunyunyizia iache stoo. Ndiyo maana leo nitakaa sana kwenye zile siku chache kati ya kununua na kupanda. Watu huziruka kwa haraka, na humo ndimo vita vinamoshindwa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mche wa mgomba, siku mbili hazitoshi hata kidogo. Mimi mche mgeni nauweka kando, mbali na migomba mingine, juu ya kitu kilichoinuka ili maji yake yasitiririkie shambani, mpaka utoe majani mapya manne au matano. Mtaniuliza hiyo ni muda gani. Kwenye joto zuri mgomba hutoa jani kila baada ya siku saba hadi kumi, kwa hiyo ni kama wiki tano au sita. Kwenye ubaridi inaweza kuchukua miezi. Hesabu majani, usihesabu siku. Ugonjwa wa virusi mara nyingi hujificha, na dalili zake huja kwenye majani yanayochipua baada ya maambukizi. Yale ya zamani hubaki safi kabisa. Mche uliouona mzuri pale ulipouzwa ulikuonyesha majani yake ya jana.

Hapo lazima tuelewane kuhusu mgomba wenyewe. Mgomba siyo mti. Lile shina tunaloliona ni maganda ya majani yaliyoviringana, moja ndani ya jingine. Shina la kweli liko chini ya udongo, lile fundo kubwa tunaloliita tunguu. Jicho la kukua liko kwenye tunguu, karibu na usawa wa ardhi mche ukiwa mdogo. Kila nitakachosema kuhusu fukusi, kuhusu kuoza na kuhusu baridi kinarudi kwenye hilo fundo. Majani yakifa na tunguu likabaki zima, una mgomba. Majani yakiwa mazuri na tunguu likawa bovu, una pambo.

Niwasimulie aibu yangu. Machipukizi yangu ya kwanza yalikuwa ishirini. Aliyeniuzia simtaji, na kusema kweli sidhani alijua alichokuwa ananiuzia. Yalikuwa na majani ya kijani, shina nene chini na jembamba juu, majani membamba kama upanga. Mpaka hapo nilichagua vizuri, maana chipukizi la kufaa ndivyo linavyokuwa. Lile lenye majani mapana tangu udogoni, ambalo halijashikana vizuri na mama yake, huwa legelege. Basi nikayapanda alasiri ile ile, yakiwa na udongo na mizizi yake, nikijiona mkulima. Yalikua. Yalikua vizuri hata watu wakayasifia. Mikungu ilipoanza kunenepa ukaja upepo wa kawaida tu, na asubuhi nikakuta migomba saba imelala chini. Haikuvunjika. Imeng'oka. Nililipindua tunguu moja kwa mguu likagawanyika lenyewe, limetobolewa kama sifongo, na ndani ya matundu mlikuwa na mabuu weupe, wanene, wenye kichwa cha kahawia, wametulia kana kwamba hawajafanya kosa.

Huyo ndiye fukusi wa migomba. Mkubwa wake ni mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu, urefu wake kama sentimita moja hadi moja na nusu, na ukimshika anajifanya amekufa. Hutembea usiku. Ana mabawa lakini ni nadra kuruka. Fikirieni hilo kidogo: mdudu asiyeruka, anayetembea taratibu, ameenea karibu kila mahali duniani palipo na migomba. Alifikaje? Tulimbeba. Mayai yake huyataga moja moja kwenye tunguu na chini ya maganda, na machipukizi tunapeana kwa moyo mkunjufu. Yeye mwenyewe anaweza kuishi hata miaka miwili akitaga machache kila wiki. Ukimpanda shambani, umempanda kweli.

Leo nafanya hivi. Chipukizi likifika, nakata mizizi yote kabla sijalikaribisha kokote. Halafu kwa kisu kikali namenya tunguu, naondoa ngozi yote ya nje, mpaka libaki jeupe. Msilifanye hili kwa kupitisha kisu tu. Tunguu zima ndani lina weupe wa krimu, limekaza, kisu kinapita kwa sauti kama ya kukata kiazi kibichi. Ukikuta doa la kahawia au kijitundu cheusi, kifuate kwa ncha ya kisu. Kikiishia karibu na ngozi, ondoa sehemu hiyo uendelee. Kikizama kuelekea katikati, tupa chipukizi hilo. Najua linauma, umelilipia. Tupa, tena mbali na shamba. Maganda uliyomenya nayo usiyaache hapo, yachome au uyafukie.

Kabla hujatupa ile mizizi uliyoikata, chukua michache uipasue kwa urefu. Ndani ikiwa nyeupe, sawa. Ikiwa na mabaka mekundu yanayoelekea kahawia, kuna minyoo ya mizizi, midogo hata milimita moja haifiki, huwezi kuiona kwa macho. Mabaka ndiyo utakayoyaona. Baada ya kumenya, chovya tunguu kwenye maji yanayochemka kwa sekunde thelathini, ulitoe. Ni thelathini, msizidishe kwa kudhani mnaongeza usalama, mtapika mbegu. Wenye kipimajoto wanaweza kutumia maji ya nyuzi 52 hadi 55 kwa dakika ishirini, lakini kulishika joto hilo bila kipimo ni bahati nasibu, na maji yanayochemka kila mtu anayajua. Njia zote mbili huua minyoo na mayai ya fukusi. Kisha usiliache tunguu lililomenywa lilale nje kando ya migomba mizee, maana fukusi wa usiku atafurahi sana kukuta limeandaliwa.

Dada mmoja aliniwahi mlangoni akaniuliza, je, maji ya moto yanatibu na mnyauko? Hayatibu, wala virusi hayaviui. Ndiyo maana wengi tumehamia kwenye miche ya maabara, ile inayokuzwa kwenye chupa kutoka kwenye kijisehemu cha chipukizi. Mche huo unatoka bila fukusi na bila minyoo, hilo ni jambo kubwa. Virusi ni habari nyingine. Mama aliyetolewa sampuli akiwa navyo, watoto wa chupani wanaweza kuwa navyo. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni je, mama zake walipimwa virusi? Akijibu kwamba miche ya maabara haiugui, nunua kwingine.

Na mche wa maabara ni mtoto aliyelelewa ndani ya nyumba. Jua kali humbabua, upepo humkausha, mizizi yake ni laini, na fukusi akimpata akiwa mdogo anaweza kummaliza, kwa sababu tunguu lake bado ni dogo kama kidole gumba. Umzoeshe nje taratibu. Kivuli kwanza, halafu jua la asubuhi, halafu mchana mzima. Ukiwa na urefu wa sentimita thelathini hivi na majani sita, uko tayari. Na usiupeleke mahali ulipong'oa migomba yenye fukusi mwezi uliopita. Hao wadudu bado wapo pale wanasubiri chakula. Kata kipande cha shina la mgomba urefu wa mkono, kipasue katikati, kilaze upande uliokatwa ukitazama chini, halafu asubuhi kifunue uokote waliojikusanya. Rudia kila baada ya siku tatu nne. Ni kazi ya kuchosha, lakini mimi naiamini kuliko sumu nyingi nilizowahi kuuziwa.

Sasa virusi. Vinaletwa na vidukari weusi wanaopenda kujificha chini kabisa, pale ganda la jani linapoliacha shina, na ndani ya jani jipya ambalo bado limejiviringa. Sisimbizi, hapana, sisimizi ndio watakaokuonyesha. Mkinicheka sawa, ulimi umeteleza. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye mche bila sababu, fuata njia yao, utakuta wanakowakamua vidukari utamu wao. Vuta ganda polepole kwa kidole, tazama. Kisha liinue jani dhidi ya mwanga, ulitazame kwa chini. Tafuta vistari vifupi na vidoa vya kijani kilichokoza sana, vimepangana kando ya mishipa na kwenye kikonyo, kama mtu aliyegusa gusa kwa kalamu. Hiyo ndiyo dalili ya mapema. Ukisubiri mpaka majani yawe mafupi, yamesimama wima na yana kingo za njano, umechelewa, vidukari wamekwisha kutembea.

Australia walijifunza hili kwa gharama. Machipukizi yenye ugonjwa huu yaliingia huko kutoka Fiji mwaka 1913, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 sehemu kubwa ya mashamba yao ya ndizi yalikuwa yamekufa. Kilichowaokoa kilikuwa ukaguzi, kung'oa kila shina lenye dalili, na sheria ya kutohamisha mbegu hovyo. Dawa haikuwapo wakati ule, na leo bado haipo. Na ukiukuta mche una vistari vile, usianze kwa kuung'oa. Ua vidukari kwanza hapo hapo walipo, kwa maji ya sabuni au dawa, ndipo uung'oe na tunguu lake lote. Ukiutikisa vidukari wakiwa hai, umewatawanya.

Mnyauko wa Panama wenyewe hauhitaji mdudu. Ni kuvu wa udongoni, na unaweza kukaa kwenye udongo miongo kadhaa bila mgomba hata mmoja. Huo ndio uliomaliza Gros Michel, ndizi iliyokuwa ikiuzwa duniani kote, mpaka kufikia miaka ya 1960 biashara ikahamia kwa Cavendish, ndizi ya aina nyingine. Sasa imekuja aina mpya ya kuvu huyo inayoiua hata Cavendish. Ilitangazwa Msumbiji mwaka 2013, Colombia mwaka 2019, Peru mwaka 2021. Haukuvuka bahari kwa upepo. Unasafiri na mbegu, na maji, na udongo ulioganda kwenye kiatu, kwenye jembe, kwenye gurudumu. Kwa hiyo mche wenye udongo wa shambani kwa watu mimi siupokei, hata ukiwa wa bure. Hasa ukiwa wa bure.

Mnyauko wa bakteria, ule unaotoa usaha wa njano ukikata shina, ulitambuliwa kwanza Ethiopia miaka ya 1960, na tangu 2001 ulipoonekana Uganda ukasambaa katika nchi za jirani. Huu husambazwa na wadudu kwenye ua dume, na husambazwa na panga. Mgomba wako mchanga bado hauna ua, kwa hiyo adui wake kwa sasa ni panga lako mwenyewe. Ukitoka kukata majani kwenye mgomba mmoja, pitisha makali kwenye moto mpaka yasishikike, au yaoshe kwa maji ya klorini, ndipo uende kwa mwingine. Nimewahi kumwona mtu ametumia fedha nyingi kununua miche safi, halafu akaazima panga kwa jirani.

Kuhusu Sigatoka, ule ugonjwa wa mistari na mabaka kwenye majani, sitawachosha. Ni kuvu unaopenda jani lililolowa. Mwagilia udongo, acha majani makavu, panda kwa nafasi, kata sehemu zilizoungua. Mche hauuliwi nao upesi. Msikeshe kwa ajili yake wakati tunguu hamjaliangalia.

Baridi, sasa. Hapa nimefanya makosa mengi kuliko kwenye wadudu.

Mgomba unapenda nyuzi 26 hadi 28. Chini ya 16 majani yanaanza kuchelewa, na zikishuka zaidi ukuaji unakaribia kusimama kabisa. Kwenye 0 maji yaliyo ndani ya jani yanaganda na jani linakufa. Mwaka mmoja nilisikia sakitu, ile baridi ya kugandisha umande, inakuja usiku, nikaufunika mche wangu kwa nailoni, nikaubana vizuri kwa kamba, nikajiona nimeuvisha koti. Asubuhi umande ulioganda ulikuwa mweupe kila mahali. Nilipofungua, kila jani lililogusana na nailoni lilikuwa jeusi na tepetepe kama lililochemshwa. Majani mawili yaliyokaa katikati bila kugusa kitu yalikuwa mazima. Nailoni haina joto lake. Inapitisha ubaridi wa nje moja kwa moja kwenye jani lililolala juu yake. Tangu hapo nasimika fito tatu, natandika shuka au gunia juu ya fito, lifike mpaka ardhini likinase joto la udongo, na asubuhi jua likitoka naliondoa.

Kwa wenye baridi ya usiku mmoja mmoja, udongo ukiwa na unyevu hutunza joto la mchana kuliko udongo mkavu, kwa hiyo mwagilia mchana kabla ya usiku huo. Na msipande kwenye bonde. Hewa ya baridi ni nzito, huteremka kama maji na kujaa chini. Mita chache juu kwenye mteremko zinaweza kuokoa mgomba.

Kwa wenye majira marefu ya baridi, ushauri ni kinyume, na msichanganye. Mgomba usiokua haunywi maji. Mizizi ikikaa kwenye ubaridi na umajimaji kwa wiki kadhaa, inaoza, uozo unapanda kwenye tunguu, na hapo mgomba umekwenda. Wengi wanasema mgomba wangu uliuawa na baridi. Nikiuchimba nakuta uliuawa na kopo la kumwagilia. Punguza maji, acha mbolea ya kuchochea majani mapema kabla baridi haijafika, maana chipukizi laini ndilo linaloungua kwanza.

Aina nazo zinatofautiana sana. Musa basjoo, wenye asili ya kusini mwa China, tunguu lake likifunikwa vizuri huvumilia mpaka nyuzi 10 chini ya sifuri, ingawa ndizi zake haziliki. Aina nyingi za kula haziwezi hilo. Sakitu ya kwanza ikishaunguza majani ya huo wa kuvumilia, yakate, acha shina, uzungushie seng'enge, ujaze majani makavu au nyasi kavu mpaka juu, kisha ezeka kitu cha kuzuia mvua. Neno kubwa hapo ni kavu.

Wa kwenye chungu uingize ndani kabla usiku haujashuka chini ya nyuzi 10, uuweke penye mwanga. Uoshe kwanza, majani juu na chini, kwa maji yenye sabuni kidogo. Hewa kavu ya ndani ni sherehe ya utitiri mwekundu. Jani likianza kuwa na vumbi vumbi la njano na utando mwembamba chini yake, hao ni wao. Wale weupe kama pamba kwenye makwapa ya majani ni vidung'ata, wafute kwa kitambaa.

Na baridi ikishapiga, tuliza mikono. Usikate majani meusi asubuhi ile ile, yanawakinga wenzao na usiku unaofuata. Hatari ikipita, shika shina. Likiwa laini, kata kwa juu vipande vyembamba, kimoja kimoja, ukitazama katikati. Kahawia, kata tena. Kahawia tena, kata tena. Ukifika palipo na weupe uliokaza, acha. Kukiwa na joto, baada ya siku chache utaona katikati pamesukumwa juu kidogo, kama ncha ya kidole. Hilo ni jani jipya.

Nimemaliza yangu. Maswali tutaulizana nje, kwa sababu sasa nataka tukauone ule mche wa chini ya kiti. Ndugu yangu, utangulie nao, mfuko ukiwa umefungwa vivyo hivyo. Tutaufungulia pale kwenye sakafu ya saruji, mbali na bustani. Mimi nina lenzi na kisu. Mwenye kiberiti anifuate.